Jonathan Kuminga, msimu wa 2023–2024: namba za mtoto wa Goma zinasema nini

Mpira ukirushwa juu San Francisco saa moja ya jioni, Goma tayari ni saa kumi na moja ya alfajiri, siku inayofuata. Saa hiyo, kule chini ya Himbi, wavuvi wa sambaza wanazima taa zao na kurudi ukingoni mwa Ziwa Kivu. Watu wachache wako na megabaiti za kutazama mechi ya saa mbili na nusu, na wachache zaidi wako na umeme wa kuhakikisha simu haitazimika katikati. Kinachofika kartiye ni mstari mmoja wa namba. Kiwanjani, baada ya masomo, swali linakuwa lile lile: «Kuminga alitia ngapi?» Mmoja anajibu kumi na sita. Wengine wanafurahi, wengine wanasema ni kidogo, na mabishano yanaanza mpaka giza linaingia.

Shida ni kwamba mabishano hayo yanashika namba moja tu, wakati mstari uko na zaidi ya kumi. Na wale wanaomlipa Kuminga hawasomi hiyo moja peke yake. Msimu wa 2023–2024 ndio unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko misimu yake mingine.

Kwanza, kwa yule ambaye jina hili ni geni kwake. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma tarehe 6 Oktoba 2002, mwaka ule ule ambao lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mwezi wa Januari na kufika ziwani. Mwaka wa 2016 akaenda Marekani, akasoma na kucheza katika shule za West Virginia, New York na New Jersey. Kaka yake Joel Ntambwe naye alicheza baskete ya chuo kikuu huko. Kuminga hakupitia chuo kikuu: 2020 akachagua kuingia G League Ignite, ekipe iliyotengenezwa juu ya vijana wanaongoja kuingia NBA. Kwa mechi 13 alizocheza huko alipata wastani wa pointi 15.8 na ribaundi 7.2, ni kusema mipira 7 hivi kwa mechi ambayo iligonga chuma na yeye akaikamata.

Golden State Warriors wakamchagua wa 7 katika uteuzi wa 2021. Wazee wa baskete watakumbuka kwamba Bismack Biyombo wa Lubumbashi naye alichaguliwa wa 7, miaka kumi mbele yake, 2011. Mwezi wa Juni 2022, Kuminga akiwa na miaka 19, Warriors waliwashinda Boston Celtics mechi 4 kwa 2 na kuwa mabingwa. Kwa hiyo pete ya ubingwa anayo. Lakini katika ubingwa ule yeye alikuwa kijana wa benchi, na misimu miwili ya kwanza inasomeka hivyo: pointi 9.3 kwa mechi mwaka wa kwanza, 9.9 mwaka wa pili.

Halafu ikaja 2023–2024. Mstari wake wa mwisho wa msimu ulikuwa hivi: mechi 74 kati ya 82, na katika hizo 46 alianza tangu dakika ya kwanza. Dakika 26.3 kwa mechi. Pointi 16.1, ribaundi 4.8, asisti 2.2 (pasi ambayo mwenzako anaipokea na kufunga papo hapo), kuiba mpira 0.7, kuzuia mtupo hewani 0.5. Mitupo yote ya uwanjani 52.9 kwa mia, mitupo ya pointi tatu 32.1 kwa mia, mitupo huru 74.6 kwa mia. Katika ekipe yake ni watu wawili tu waliompita kwa pointi: Stephen Curry na 26.4, Klay Thompson na 17.9.

Dakika kwanza, pointi baadaye

Namba ya kwanza ya kusoma haipo chini ya herufi PTS. Iko chini ya MIN, dakika. Mchezaji hatii kikapu akiwa amekaa kwenye benchi, na mtu wa kuamua nani anakaa ni kocha.

Tazama misimu mitatu ya kwanza ya Kuminga. Dakika 16.9 kwa pointi 9.3. Kisha dakika 20.8 kwa pointi 9.9. Kisha dakika 26.3 kwa pointi 16.1. Kwa jicho la haraka, kijana anapanda kila mwaka. Lakini fanya hesabu ambayo wataalamu wanaipenda: chukua pointi, gawanya kwa dakika, zidisha kwa 36, juu dakika 36 ni kama kazi ya mchezaji mkubwa katika mechi ya dakika 48. Mwaka wa kwanza inatoka karibu 19.8. Mwaka wa pili inashuka mpaka 17.1. Mwaka wa tatu inaruka kufika 22.0.

Kwa hiyo ule mwaka wa pili, ambao watu wengi waliuona kama hatua ndogo mbele, ulikuwa hatua nyuma: alipewa dakika karibu nne zaidi na kuleta pointi nusu tu ya ziada. Na mwaka wa tatu ulikuwa mkubwa kuliko 16.1 inavyosema, kwa sababu siyo dakika peke yake zilizoongezeka. Kila dakika ilizaa zaidi.

Dakika hizo hazikuja kwa upole. Tarehe 4 Januari 2024 Warriors walikuwa nyumbani wakicheza na Denver Nuggets. Kuminga alikuwa na pointi 16 kwa dakika 19. Kocha Steve Kerr akamtoa katika robo ya tatu na hakumrudisha tena. Warriors walikuwa mbele kwa pointi 18 katika robo ya mwisho. Wakashindwa 130 kwa 127, kwa mtupo wa mbali sana wa Nikola Jokić wakati saa inalia. Kesho yake gazeti The Athletic likaandika kwamba Kuminga amepoteza imani na kocha wake. Kwa kijana wa miaka 21, kutamkwa hivyo hadharani juu ya kocha mwenye vikombe vingi ni jambo la hatari. Wengine wameuzwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Walizungumza, na baada ya hapo akaanza kucheza zaidi. Inabidi kusema pia kwamba nafasi ilikuwa imefunguka: Draymond Green alikuwa amefungiwa mechi 12 tangu katikati ya Desemba baada ya kumpiga mchezaji wa Phoenix. Halafu tarehe 17 Januari kocha msaidizi Dejan Milojević akafariki ghafla huko Salt Lake City, na mechi mbili zikaahirishwa. Warriors waliporudi uwanjani tarehe 24 Januari mbele ya Atlanta Hawks, Kuminga alirusha mitupo 11 ya uwanjani na yote 11 ikaingia. Pointi 25, bila kukosa hata mara moja. Usiku unaofuata, mbele ya Sacramento, akatia 31.

Wastani wa 16.1 umebeba ndani yake ile 11 kwa 11 ya Atlanta na pia mechi za Novemba alizotoka na pointi chache. Ndiyo tabia ya wastani: inasawazisha milima na mabonde, na msomaji wa mbali anadhani barabara ilikuwa tambarare. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa sana tofauti ya barabara kwenye karatasi na barabara chini ya gurudumu la chukudu.

Kushambulia: anapata wapi pointi zake

Namba 52.9 kwa mia ni nzuri. Ni kusema katika kila mitupo 100 ya uwanjani, zaidi ya nusu iliingia. Lakini inachanganya vitu viwili ambavyo havifanani: mtupo wa karibu na mtupo wa mbali.

Kwa mechi, Kuminga alirusha mara 11 na kidogo na kuingiza 6. Katika hiyo, mitupo ya pointi tatu ilikuwa 2 hivi tu, na ile iliyobaki, karibu 9, ilikuwa ya pointi mbili. Ya pointi mbili aliingiza karibu 58 kwa mia. Weka bei juu yake: kila akirusha karibu na kikapu, analeta wastani wa pointi 1.16. Kila akirusha kutoka mbali, kwa 32.1 kwa mia, analeta pointi 0.96. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa biki, na walinzi wa NBA wameifanya kabla yake. Kwa hiyo wanamwachia nafasi akiwa mbali, wanarudi nyuma na kumngoja njiani.

Hapo ndipo kuna moyo wa ugomvi kati yake na benchi. Ekipe ya Curry inaishi kwa uwanja ulio wazi. Ikiwa mlinzi wa Kuminga anaweza kumwacha, anakwenda kumsaidia mwenzake kumziba Curry. Green naye haogopwi kutoka mbali. Ukiwaweka wawili hao pamoja, na pengine Andrew Wiggins kama watatu, njia ya kuelekea kikapu inajaa miili. Kijana wa Himbi anayesema «Kerr anamchukia» anasahau safu hiyo ya 32.1. Lakini Kerr naye alikuwa na safu ya 58 mbele ya macho yake, na ekipe yenye wazee ambao miguu yao haikuwa tena ya kukimbilia kikapu. Kumweka benchi robo nzima ya mwisho siku ile ya Denver, kwa mtu anayesoma namba zote mbili, hakuonekani kama uamuzi mzuri hata leo.

Safu inayopuuzwa kabisa ni ya mitupo huru, ile ya kusimama peke yako mbele ya kikapu baada ya kuchezewa vibaya. Mwaka wa pili Kuminga aliingiza 65.2 kwa mia. Mwaka wa tatu, 74.6. Alikuwa anapata mitupo huru 4.4 kwa mechi. Zidisha kwa mechi 74, chukua tofauti ya karibu 9 kwa mia, na inatoka karibu pointi 30 kwa msimu mzima. Hazikuhitaji kuruka wala kumpita mtu, zilihitaji mazoezi peke yake. Na katika viwanja vya Goma, ambako vijana wanapenda kujaribu kudanki kwenye vyuma vilivyopinda, mitupo huru ndiyo zoezi linalofanywa mwisho, wakati wengine wameshavaa viatu vya kurudi nyumbani.

Anayetaka kuandika namba za kijana wake hahitaji mashine. Daftari, biki, na mtu mmoja asiyecheza wakati wa mechi vinatosha: aandike aliingia dakika gani na kutoka dakika gani, alirusha mara ngapi karibu na mara ngapi mbali, iliyoingia na iliyokosa. Iliyokosa ndiyo watu wanasahau kuandika. Bila hiyo, pointi 20 za mitupo 10 na pointi 20 za mitupo 30 zinafanana, na hazifanani hata kidogo.

Kulinda: upande ambao daftari haliuoni

Tabia ya kumweka mchezaji katika mstari wa namba haikuzaliwa katika baskete. Ilitoka besiboli, mchezo ambao Waamerika wanaupiga kwa gongo na ambao Goma hauchezwi sana. Karne ya 19, mwandishi wa habari Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi New York, ndiye aliyeeneza jedwali la mechi magazetini. Mpaka leo mchezaji wa besiboli anasomwa katika vipande viwili: kupiga na kulinda. Akiwa na gongo, wanahesabu mara alizopiga vizuri. Akiwa mlinzi uwanjani, wanahesabu mipira aliyoshika, na akiangusha mpira aliopaswa kuushika, linaandikwa kosa, kwa jina lake, mbele ya wote.

Baskete haina safu hiyo ya kosa la mlinzi. Mtu akikupita na kufunga, pointi zinaandikwa kwake, lakini upande wako hakuna kinachoandikwa. NBA yenyewe ilianza kuhesabu mipira iliyoibwa na mitupo iliyozuiwa katika msimu wa 1973–1974 tu. Wakongo wanaijua vizuri hesabu hii ya pili kwa sababu ya Dikembe Mutombo, aliyefariki Septemba 2024: mitupo 3,289 aliyoizuia inamweka wa pili katika historia ya NBA, na alichaguliwa mlinzi bora wa mwaka mara nne. Kidole chake kikitikisika mbele ya uso wa mshambuliaji kilieleweka hata na mtoto asiyejua kusoma jedwali.

Kuminga hana namba za Mutombo, na hachezi nafasi moja naye. Kuiba 0.7 maana yake ni mipira miwili hivi kwa kila mechi tatu. Kuzuia 0.5 ni mtupo mmoja kwa mechi mbili. Hizo ni ndogo kwa mtu wa karibu mita mbili anayeruka kama yeye. Bado mstari hausemi alikuwa anamlinda nani usiku ule, wala ni mara ngapi alimlazimisha mtu atoe pasi badala ya kurusha. Kwa upande huu, aliyetazama mechi anajua kuliko aliyesoma simu.

Ribaundi lakini zinahesabika, na hapa mashabiki wa Goma wanapaswa kuwa wakweli. Kuminga alipata 4.8 kwa mechi. Curry, mtu wa mita 1.88 anayecheza mbali na kikapu, msimu huo huo alipata 4.5. Ni kweli kwamba Curry alikuwa uwanjani dakika 6 zaidi. Lakini ukichukua ile hesabu ya dakika 36, Kuminga wa 2023–2024 anafika 6.6, na Kuminga wa mwaka wa kwanza, akiwa mtoto wa miaka 19, alikuwa na 7.0. Pointi zilipanda, ribaundi hazikupanda. Kocha anayetaka mshambuliaji mrefu wa kukamata mipira aliiona safu hiyo kila asubuhi.

Msimu wenyewe uliisha vibaya. Mwezi wa Machi magoti yote mawili yalimuuma na akakosa mechi kadhaa. Warriors walimaliza na ushindi 46 na kushindwa mara 36, wa 10 upande wa magharibi, na tarehe 16 Aprili 2024 Sacramento wakawatoa 118 kwa 94 katika mechi ya kutafuta tiketi.

Namba zinapogeuka pesa

Baada ya msimu kama ule, Kuminga alitegemea mkataba mkubwa. Oktoba 2024 ikafika na kupita bila maelewano, ikabidi acheze mwaka wa nne bila kujua kesho yake.

Mwaka huo wa nne ulikuwa wa kukatikakatika. Mwisho wa Desemba 2024 alitia pointi 34 katika mechi mbili zilizofuatana, ndiyo namba yake kubwa mpaka wakati huo. Siku chache baadaye, tarehe 4 Januari 2025, akateguka kifundo cha mguu na kukosa mechi 31. Vita ilipoingia Goma mwisho wa mwezi huo, na umeme na intaneti vikakatika, hapakuwa na mstari wa Kuminga wa kukosa. Alikuwa amekaa na bandeji. Alirudi katikati ya Machi. Alimaliza na mechi 47 tu, pointi 15.3 kwa dakika 24.3. Kwa dakika 36 hiyo ni 22.7, juu kidogo ya mwaka uliotangulia, lakini mitupo ya uwanjani ilishuka kutoka 52.9 mpaka 45.4 kwa mia, ya pointi tatu mpaka 30.5, na mitupo huru ikarudi 66.8.

Aprili, katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida na ile ya kutafuta tiketi, Kerr hakumwingiza hata dakika moja. Mwezi uliofuata Curry akaumia mbele ya Minnesota, mlango ukafunguliwa tena, na katika mechi ya tatu Kuminga akatia pointi 30. Warriors wakatolewa 4 kwa 1.

Majira yote ya joto ya 2025 yalipita katika kuvutana. Upande wa mchezaji uliweka mezani pointi na umri wake. Upande wa ekipe ulikuwa na zile safu nyingine: mtupo wa mbali, ribaundi, mechi alizokosa. Mkataba ulitiwa saini tarehe 30 Septemba 2025, siku sita kabla ya kutimiza miaka 23: miaka miwili, unaofikia dola milioni 48.5, na ekipe ndiyo iliyopewa haki ya kuamua kama mwaka wa pili ungekuwepo.